Programu za bure za kutengeneza PDF: nimezipanga kwa kigezo kimoja tu, viungo

Nimewahi kulipia programu ya bure. Umesoma sawasawa. Kwenye tovuti yao neno BURE lilikuwa kubwa kuliko jina la programu yenyewe. Nikapakua, nikasakinisha, nikatengeneza faili langu la kwanza, na kila ukurasa ukatoka na maandishi ya kijivu yaliyokatiza katikati kutangaza jina la kampuni. Unataka yaondoke? Lipia. Nilikuwa na mwongozo wa mafunzo wa kurasa 96 unaosubiriwa kesho yake asubuhi. Nikalipa.

Asubuhi nikautuma. Haikupita saa moja, ujumbe ukaanza kuingia. "Dada, linki hazifunguki." "Mbona kwenye yaliyomo nikibonyeza sura hainipeleki?" Nikafungua faili kwenye kompyuta yangu, nikabonyeza kiungo cha kwanza, kikafunguka. Cha pili, kikafunguka. Nikawajibu kwa kujiamini kabisa kwamba tatizo ni simu zao. Nitaeleza mbele kidogo kwa nini nilikuwa naongea pumba.

Kwa hiyo usitegemee hapa habari za kasi, ukubwa wa faili wala uzuri wa vitufe. Muundo wa PDF ulitolewa na Adobe mwaka 1993 na ukawa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2008. Siku hizi karibu kila programu inatoa PDF inayofunguka na kupendeza machoni. Mimi nauliza swali moja: viungo vinatoka hai?

Printa hewa

Programu nyingi za bure za PDF ni printa hewa. Unajua mfanyakazi hewa: jina lipo kwenye orodha ya mishahara, mtu hayupo. Printa hii nayo ipo kwenye orodha ya printa zako, ila hakuna mashine popote. Unabonyeza Print, unaichagua, na badala ya karatasi unapata faili.

Na shida inaanzia hapo hapo. Programu yako ya kuandikia inadhani inaongea na printa, kwa hiyo inaipa yale tu ambayo printa inayahitaji: herufi hii ikae hapa, mstari huu upite pale, picha hii iwe na upana huu. Karatasi haibonyezwi. Hakuna sababu ya kuiambia printa kwamba maneno "fomu ya usajili" yamebeba anwani nyuma yake, wala kwamba "Sura ya Tatu" ni kichwa cha habari na si maneno tu yaliyokolezwa wino. Yote hayo yanadondoka njiani. Kinachofika ni rangi ya bluu na mstari chini yake: kiungo kimekufa, lakini kimezikwa na nguo zake zote.

Sasa kwa nini kwangu vilifunguka? Kwa sababu programu nyingi za kusomea PDF zinabahatisha. Zikiona maandishi yanayoanza na http au www, zinayageuza kiungo zenyewe, hata kama ndani ya faili hakuna kiungo chochote. Viungo viwili nilivyovijaribu mimi vilikuwa anwani zilizoandikwa kwa kirefu. Vile vilivyojificha nyuma ya maneno sikuvigusa, na wenzangu wa simu walikuwa na kisomeo kisichobahatisha chochote. Kosa hili ndilo linalofanya watu waishi na programu mbovu miaka na miaka. Wanapima kwa kiungo kisicho sahihi, kinafunguka, wanaridhika.

Jaribio sahihi ni hili. Andika neno moja, tuseme "bonyeza", liwekee anwani nyuma yake, kisha tengeneza PDF. Pitisha kishale juu ya neno hilo. Kikigeuka kuwa kidole, uko salama. Kikibaki vilevile, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ukiwa hapo fungua na sifa za faili, sehemu ya jina la waraka. Printa hewa zina tabia ya kuandika humo "Microsoft Word" halafu jina halisi la faili ulilolichapisha. Barua yangu moja rasmi ya kuomba kazi ilikwenda ikiwa imebeba jina la "barua mpya ya mwisho kabisa 4" juu ya dirisha la msomaji. Sikuitwa.

Namba moja: LibreOffice, na sioni haya kusema hivyo

Naipendelea, na najua naipendelea. LibreOffice ni ofisi nzima ya bure: ya kuandikia, ya mahesabu, ya mawasilisho, kwenye Windows, Mac na Linux. Watu huisakinisha kwa ajili ya kuandikia na hawajui kwamba mashine bora ya PDF ya bure wanayo tayari. Haipiti kwenye printa. Inaandika PDF yenyewe, ikijua kiungo ni kipi, kichwa cha habari ni kipi, na tanbihi inarudi wapi. Uwezo huu si wa jana. Ulikuwemo tangu OpenOffice.org 1.1 ya mwaka 2003, ambayo ndiyo mzazi wake. Wakati huo wenzetu wa Microsoft Office walikuwa wanahangaika. Hata Office 2007 ilitoka bila PDF ndani yake; ulilazimika kupakua kiongezi kando, mpaka kilipoingizwa kwenye Service Pack 2, yaani kifurushi cha pili cha masasisho yake, mwaka 2009.

Usikimbilie kile kitufe kidogo cha PDF kwenye upau wa juu. Hicho kinatengeneza faili bila kukuuliza lolote. Mara ya kwanza pitia menyu ya File, chagua Export As, halafu Export as PDF, lifunguke dirisha lenye vichupo vyake. Hapo ndipo penye utamu. Kisanduku cha Outlines (matoleo ya zamani yalikiita Bookmarks) kinageuza vichwa vyako vya habari kuwa orodha pembeni ya ukurasa, msomaji anabonyeza sura anayoitaka. Tagged PDF inaacha alama za muundo zinazomsaidia mtu asiyeona anayetumia programu ya kusomewa. PDF/A ni ya nyaraka za kuhifadhiwa miaka mingi, kwani inalazimisha fonti zote ziingizwe ndani ya faili. Na kuna PDF mseto, Hybrid PDF, inayobeba waraka wako wa awali ndani ya PDF yenyewe: mwingine anaisoma kama PDF ya kawaida, wewe ukiifungua kwa LibreOffice unaihariri kama vile hujawahi kuifunga. Imeniokoa siku niliyopoteza faili la asili. Ila usimtumie mtu ambaye hutaki aguse maneno yako.

Sharti moja: orodha ya pembeni haitokei kwa miujiza. Lazima vichwa vyako uwe umevipa mtindo wa Heading 1, Heading 2 na kuendelea. Ukikuza herufi na kuzikoleza kwa mkono, programu inaona aya yenye herufi nene, basi. Nusu ya malalamiko niliyoletewa ya "LibreOffice haifanyi vichwa" yaliishia hapa.

Ina dosari? Inayo, na inaudhi. Ukifungua waraka ulioandikwa kwa Word, mpangilio unaweza kuhama. Kama kompyuta haina Calibri, LibreOffice inaweka Carlito badala yake, na Cambria inakuwa Caladea. Fonti hizo zilichongwa kwa makusudi ziwe na upana uleule, kwa hiyo mistari mingi hukatika palepale, lakini jedwali lenye seli zilizobanana linaweza kumwaga neno moja kwenda ukurasa wa pili. Pitia kurasa zote kabla ya kutuma. Wengi hawapitii, halafu wanasema programu za bure ni za bure tu.

Na kwa mwenye rundo la nyaraka: fungua dirisha la amri (terminal) ndani ya folda husika, andika `soffice --headless --convert-to pdf *.docx` na uende zako. Utarudi ukute kila moja ina PDF yake.

Namba mbili: kile kilichomo tayari

Kama Word unayo kihalali, huhitaji kupakua kitu. Tumia Save As au Export, usiguse Print, na ubonyeze Options uweke alama kwenye kutengeneza vialamisho kutokana na vichwa vya habari. Kisanduku hicho huwa wazi usipokijaza mwenyewe, sijui kwa fadhila ya nani.

Kwenye kurasa za wavuti kuna mtego mzuri wa kuwaonyesha watu. Fungua ukurasa kwa Chrome kwenye Windows, bonyeza Ctrl na P, tazama orodha ya mahali pa kuchapisha. Utakuta majirani wawili: Save as PDF na Microsoft Print to PDF. Majina kama mapacha. Chagua la kwanza, viungo vyote vinatoka hai, kwa kuwa kivinjari chenyewe ndicho kinachoandika faili. Chagua la pili, umepitia kwa printa hewa, viungo vinabaki rangi. Ukurasa uleule, dirisha lilelile, panya imesogea nusu sentimita.

Watumiaji wa Mac, kwenu PDF imo ndani kabisa ya mfumo wa michoro na kila dirisha la kuchapisha lina Save as PDF, lakini viungo vinategemea programu uliyotokea. Kama programu ina Export yake, kama ilivyo Pages, ile ya kuandikia ya Apple, pitia huko. Linux jibu lake ni LibreOffice, ambayo huenda ilikuja na mfumo.

Namba tatu: PDF24 Creator, ukibanwa

Kuna programu zisizojua kutoa PDF zenyewe: ya hesabu ya zamani, ya michoro ya kiufundi, ile ya kazini ambayo hakuna anayekumbuka aliyeitengeneza. Hapo huna ujanja, ni printa hewa. Yangu ni PDF24 Creator. Ni ya Windows tu, ni bure hata kwa matumizi ya biashara, na inakuja na vifaa vya kuunganisha mafaili na kupanga kurasa vinavyofanya kazi kwenye kompyuta yako mwenyewe bila kupeleka waraka mtandaoni. Viungo usivitarajie. Ankara haina viungo, kwa hiyo haidhuru.

Zilizobaki nazitaja kwa pumzi moja. Microsoft Print to PDF ilikuja na Windows 10 mwaka 2015, haina mpangilio wowote wa maana, inatosha kwa risiti. CutePDF Writer na PDFCreator zinafanya kazi. Scribus ni ya watu wa majarida na mabango, na kama wewe si mmoja wao itakuchosha.

Nina neno na wauzaji

Kitu kilichoniudhi kuliko hela yangu ni hiki. Ndani ya CutePDF, PDFCreator, PDF24 na nyingine nyingi za aina hiyo kuna injini moja inayofanya kazi nzito: Ghostscript, iliyoandikwa na L. Peter Deutsch, ikatolewa mara ya kwanza mwaka 1988, na ambayo toleo lake la wazi yeyote anaweza kulipakua. Wanaoisema waziwazi sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na wale wanaoipaka rangi mpya, wanaipa jina lenye neno "Pro" au "Ultimate", halafu wanakutoza kwa mwaka. Baada ya balaa la ule mwongozo nilifungua sifa za faili langu nikatazama sehemu inayotaja mtengenezaji wa PDF. Nikakuta GPL Ghostscript. Nililipia kuondolewa maandishi ya kijivu ambayo wao wenyewe ndio walioyaweka.

Halafu kurasa zao za kupakulia! Vitufe vitatu vya kijani vimeandikwa Pakua, viwili ni matangazo. Ukibahatika kukipata cha kweli, kisakinishi nacho kina visanduku vilivyokwisha kuwekewa alama: tubadilishe ukurasa wako wa mwanzo, tukuongezee upau wa kutafutia, tukuwekee programu ya kusafisha kompyuta. Mtu anabonyeza Next, Next, Next, anatoka na programu nne wakati aliomba moja. Pakua kwa mtengenezaji mwenyewe, chagua usakinishaji wa Custom, soma kila dirisha. Dakika mbili tu.

Na neno "bure" wamelichosha hadi limekufa. Bure kwa siku kumi na nne. Bure kwa kurasa mbili. Bure, ila tupe barua pepe yako, na kuanzia hapo kila Jumatatu unakumbushwa punguzo linaloisha leo, ambalo wiki ijayo linaisha tena leo.

Ule mwongozo niliutengeneza upya kwa LibreOffice jioni ileile, nikajaribu viungo 41 kimoja kimoja, nikautuma na kuwaomba radhi wale niliowasingizia simu zao. Kisha nikaiandikia kampuni kudai pesa yangu. Walijibu kwa adabu siku tatu baadaye, wakaambatanisha masharti yao ya kurejesha malipo kwa PDF. Kwenye ukurasa wa pili kuna mstari wa bluu: "Bonyeza hapa kujaza fomu ya madai." Nilipitisha kishale juu yake. Hakikugeuka.