Uzoefu wangu na kikaushio cha nguo cha pampu ya joto: tazama mlango kabla ya programu

Mashine ninayotumia Dar es Salaam ni kikaushio cha pampu ya joto (kinachotumia kompresa kama ya friji kupasha hewa na kuirudisha tena kwenye nguo), cha kilo 8, upana sentimita 60 na kimo sentimita 85. Kwa kukausha sina neno: hata katikati ya masika, wakati shuka iliyoanikwa barazani inaanza kunuka uvundo kabla haijakauka, nguo zinatoka kavu kwelikweli. Kitakachofanya uipende au uichoke mashine ya aina hii ni mlango wake. Dukani hutasikia habari hiyo, utasomewa orodha ya programu.

Anza na mashine ya kufulia uliyo nayo. Nyingi za mlango wa mbele zina bawaba kushoto, na hazigeuziki, kwa sababu kitasa chake cha umeme kimejengwa upande wa kulia. Vikaushio vingi hutoka kiwandani na bawaba kulia, lakini vingi vinakubali kugeuzwa. Kwa hiyo ukiziweka bega kwa bega, ya kufulia ikae kushoto na kikaushio kulia. Kila mlango utafunguka nje kwake, na nguo zitahama moja kwa moja. Ukizipanga kinyume, milango inakutana katikati na kila shuka yenye maji lazima uizungushe juu yake. Ukiweka kikaushio juu ya mashine ya kufulia, hamisha bawaba zije kushoto ili milango yote miwili ifunguke upande mmoja.

Kuhamisha bawaba si kazi kubwa. Chomoa umeme, fungua skrubu za bawaba kwenye uso wa mashine huku mtu mwingine ameshika mlango, kisha ulaze juu ya taulo. Kwenye mashine nyingi inabidi kutenganisha fremu ya nje na ya ndani. Skrubu zake mara nyingi ni za nyota, bisibisi ya T20. Bawaba, ulimi wa kitasa na kile kifuniko cha plastiki kinachoziba matundu ya upande wa pili vyote vinabadilishana upande. Watu wengi husahau ulimi: mlango unafungika vizuri, taa zinawaka, lakini mashine haianzi kwa sababu swichi ya mlango haijabonyezwa. Na usikaze skrubu kwa nguvu, kwani nyingi zinaingia kwenye plastiki na meno yakiliwa hayarudi.

Pima nafasi mbele ya mashine, maana vipimo vya kwenye boksi ni vya mlango uliofungwa. Mlango ukifunguka nyuzi 90, mashine inakula kama mita 1.1 kutoka ukutani, na hapo bado hujasimama wewe na beseni lako. Uliza pia unafunguka hadi wapi. Unaoishia nyuzi 110 hivi utakuwa unaugonga kwa kiwiko kila siku. Unaofika 160 au zaidi unalala kando na kukuachia njia.

Kuna milango ya kuangukia chini, na ile ya LG inayofunguka kwa namna mbili, kando au chini. Hizo ziko zaidi kwenye mashine pana za soko la Marekani. Mlango wa kushuka unapokea soksi zisianguke sakafuni, na ni mzuri unapotoa nguo kidogo kidogo. Unapopakia mzigo mkubwa unakuwa kikwazo, kwa sababu inabidi uinamie juu yake kufikia ndani. Tena watoto huuegemea, na bawaba zake hazikutengenezwa kubeba mtu. Kwa wanaofikiria kutuma kikaushio cha umeme cha Marekani kwenye kontena: mota yake kwa kawaida ni ya volti 120 na hezi 60. Ukikiunga kwenye volti 230 za huku mota inaungua. Msitume.

Maji yanayotolewa kwenye nguo huishia kwenye tangi, na mahali lilipo tangi nako kuna uzito wake. Kilo 8 za pamba zilizokamuliwa kwa mizunguko 1,000 kwa dakika hubaki na maji karibu lita 5. Tangi likiwa droo ya juu na kikaushio kiko juu ya mashine ya kufulia, utakuwa unashusha kilo 5 za maji kutoka usawa wa uso. Hapo unganisha bomba la kumwaga maji, mashine nyingi zinalo nyuma. Candy na Hoover wametengeneza mashine zenye tangi ndani ya mlango: unaona maji yamefika wapi na mkono hauendi juu, lakini uzito wote unaning'inia kwenye bawaba, basi limwage kila baada ya mzigo.

Chujio la nyuzi liko kwenye mdomo wa mlango, chini. Toa nguo zote kwanza, ndipo uchomoe chujio. Ukifanya kinyume, vumbi la nguo linadondoka kwenye tundu na kwenda kuganda kwenye kondensa, ile sehemu inayopoza hewa ili unyevu wake ugeuke maji. Kati ya kondensa inayojisafisha na ile unayoifikia kwa mkono nachagua ya mkono, kwa sababu ile nyingine ikiziba ni lazima fundi afungue mashine.

Hapo hapo karibu na mdomo utaona vipande viwili vya chuma. Ndivyo vinavyopima unyevu kwa kupitisha umeme mdogo kwenye nguo. Dawa ya kulainishia nguo huviachia utando, nguo zikaambiwa zimekauka kumbe bado. Vifute kwa kitambaa chenye siki. Wanaofua kwa maji ya kisima yenye chumvi wana tatizo la upande wa pili: chumvi inapitisha umeme zaidi, mashine inadhani nguo bado mbichi na inaendelea kuzichosha. AEG na Miele wana mpangilio wa kurekebisha hilo kwenye baadhi ya mashine zao. Uulizie kabla ya kulipa.

Umeme haunisumbui. Mzigo kamili wa pamba hutumia yuniti 1.5 hadi 2, wakati kikaushio cha kondensa cha kawaida, kinachopasha hewa kwa koili ya umeme, hufika 4 au 5. Gharama yake ni muda: saa mbili na nusu hadi tatu, na zaidi ukikifungia kwenye kabati lisilo na hewa, maana watengenezaji wengi wanataka chumba kisizidi nyuzi 35 za joto. Kompresa yake ni kama ya friji, kwa hiyo kiwekee kile kifaa cha kulinda friji chenye kuchelewesha umeme unaporudi, kinachomudu wati za mashine. Na kikiletwa kimelazwa garini, kisimamishe saa 24 kabla ya kukiwasha.