TP-Link TL-WR840N kama rauta ya pili kwa ajili ya boksi la TV, naipa nyota 4

Nimekaa na hii rauta miezi kadhaa sasa, ndo naona naweza kuiongelea bila kubahatisha. Kwetu ni Bweyogerere, Uganda, nyumba ya matofali ya kuchoma, fiba inaingilia sebuleni mbele alafu chumba cha mama kiko nyuma kabisa, katikati kuna kuta tatu na jiko. TV ya mama iko huko na ina boksi la Xiaomi Mi Box S, lile lisilo na tundu la kebo ya intaneti, ni waifai tu. Bando letu ni la Mbps 20 (ndo kipimo cha kasi ya intaneti), ukipima sebuleni unazipata, ukifika kwa mama unapata 2, siku nzuri 3, na Netflix wanasema picha ya 1080p inataka 5. Basi kila jioni ni kale kaduara kanazunguka tu.

Kilichonichosha kabisa ni mechi ya CHAN, lile kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, mwezi wa 8 mwaka 2025, Cranes (timu yetu ya taifa ya Uganda) na Afrika Kusini pale uwanja wa Namboole, na kutoka kwetu Namboole si mbali, kelele za uwanja tunazisikia. Tuko nyuma 3-1, boksi likaganda. Mara tukasikia uwanja mzima unalipuka, dakika chache baadaye ukalipuka tena, kumbe ni zile penalti mbili za mwisho, 3-3, na sisi mbele ya TV picha imesimama pale pale. Mama akaniambia mwanangu zima hiyo kitu nilale. Iliniuma sana, maana tangu miguu ianze kumsumbua hatoki tena, mpira ndo starehe yake.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshanunua kale ka kuchomeka kwenye soketi ka kurudisha waifai mbele, jina lake silitaji, muuzaji kanihakikishia kitamaliza shida. Alama za mtandao kwenye boksi zikajaa zote, kasi ikabaki vile vile. Sababu ni kwamba kitu cha namna hiyo kama kina redio moja tu, hiyo hiyo inaongea na rauta kubwa, alafu inageuka kuongea na boksi, kwa zamu, kwa hiyo kasi inagawanyika karibu nusu, tena hata hicho inachokipokea kimeshapita ukuta kikiwa dhaifu. Alama zinakuonyesha uko karibu na kile kidude, hazikuonyeshi kidude kimepata nini kutoka sebuleni. Hapa ndo wengi tunapoliwa hela.

Ndo nikaenda mjini nikachukua hii TL-WR840N, mimi walinipa kwa shilingi 90,000 za Uganda, nikaongeza kebo ya intaneti ya Cat5e mita 20. Kwa kebo ya aina hiyo mita 20 si kitu, inaenda hadi 100 bila shida. Nikaipitisha juu ya dari mwenyewe Jumamosi nzima, kichwa kimoja kwenye rauta ya fiba, kingine kwenye hii mpya niliyoiweka juu ya kabati kwa mama. Kwa hiyo intaneti inavuka kuta kwa waya, waifai inaanzia humo humo chumbani, boksi liko hatua tatu.

Siku ya kwanza picha ilikuja safi lakini simu za watoto zikawa hazilioni boksi. Wao wamezoea kurusha YouTube kutoka kwenye simu, sasa wako sebuleni wanabonyeza, TV haitokei kwenye orodha. Nilihangaika nayo hadi saa nne usiku. Jibu ni kwamba hii rauta ukiitoa kwenye katoni inafanya kazi kama rauta kamili, inagawa anwani zake yenyewe, yaani inatengeneza mtandao wake mdogo ndani ya ule mkubwa, na simu iliyo kwenye ule wa nje haimuoni aliye ndani. Ingia kwenye tplinkwifi.net, tafuta sehemu ya kubadilisha kazi yake, chagua Access Point. Hapo inaacha kugawa anwani, anwani zote zinatoka kwenye rauta kubwa, na kila kitu ndani ya nyumba kinaonana. Hiyo ndo sababu kubwa ya mimi kuisifu, maana kubadilisha ni kuchagua tu na kusubiri iwake upya, hakuna kuzima kitu kimoja kimoja.

Vingine viwili nilivyofanya: waifai ya chumbani nimeipa jina lake, alafu nikaliambia boksi lisahau ile ya sebuleni, maana lilikuwa likipata nafasi linarudi kung'ang'ania ile ya mbali. Na chaneli, yaani njia ya hewani waifai inayotumia, rauta kubwa nimeiweka 1, hii nikaiweka 11, zisiingiliane. Majirani wana waifai zao hapa zimejazana, hiyo jaribu mwenyewe uone ipi imetulia kwako.

Sasa kwa mama napima 17, 18, na mpira unaenda dakika 90 bila kusimama. Nyota moja nimeitoa kwa sababu ni ya bendi moja tu, ile ya 2.4 GHz, na matundu yake ya kebo ni ya Mbps 100, kwa hiyo kama bando lako ni kubwa kuliko hapo ama mtaa wako umejaa waifai kupita kiasi, ongeza hela uchukue ya bendi mbili. Kwa bando kama langu na TV moja inatosha kabisa, kwa 4K pia, ile picha kali kuliko 1080p, inataka kama Mbps 15, ila hapo watoto waache simu kidogo.

Umeme ukikatika na kurudi ile ya fiba inachelewa kuamka kuliko hii, boksi linaweza kusema hakuna intaneti, mpe dakika mbili tatu usianze kubonyeza reset. Mama ameshajua, anasubiri taa ya fiba itulie ndo anawasha TV.