Bodi ya Jipsamu Mwanza: Ipi Ununue Ukitaka Ukuta Laini

Mama mdogo alijenga Igombe, hatua chache tu kutoka ziwani. Ukuta wa kugawa sebule na korido aliuweka wa bodi ya jipsamu, ukapigwa skimu (plasta nyembamba ya kulainisha uso), ukapakwa rangi ya maziwa. Masika ya kwanza yalipopita, kila bodi mbili zilipokutana pakajichora mstari, na vidoti vya kutu vikajitokeza kila penye kichwa cha msumari. Lawama zote akabeba fundi. Lakini mimi ndiye niliyemshikia tochi wakati wa kubandua, na nilichokiona kilianzia dukani: bodi nyembamba za milimita 9, misumari ya kawaida, na fremu ya kushikilia bodi ya mbao za paini zilizokuwa bado mbichi.

Kwa ukuta wa chumba kikavu, naiweka ya kwanza bodi ya milimita 12 au 12.5 yenye kingo zilizobonyea. Pitisha kiganja kwenye ukingo mrefu wa bodi: ukisikia upande wa uso unateremka kidogo kuelekea pembeni, ndiyo hiyo. Bodi mbili zikikutana hufanya kama mfereji mpana usio na kina, na humo ndimo tepu na unga wa kuzibia hujificha. Ukinunua yenye kingo bapa, tepu itakaa juu ya uso, na hata skimu iwe nzuri vipi, taa ya usiku itaonyesha tuta. Bodi moja ya mita 1.2 kwa 2.4 ina uzito wa kama kilo 25, kwa hiyo kama nyumba yako iko juu ya mawe kule Mabatini au Igogo, tenga hela ya wabebaji wawili. Ibebwe kwa kusimama. Ikilazwa hupindika katikati na kuvunjika.

Ya pili ni ile ya kijani. Kwa bafuni, jikoni na nyumba za kando ya ziwa kama Luchelele au Kayenze, ningeipandisha iwe ya kwanza bila kusita, ingawa bei yake iko juu. Ila inavumilia unyevu tu. Maji yakiimwagikia kila siku itaharibika. Ukuta wa kuogea bado unahitaji dawa ya kuzuia maji na vigae.

Ya milimita 9 naiweka ya tatu, tena kwa dari tu, na mbao zake zisiachane zaidi ya sentimita 40. Ukutani ukiiegemea inacheza, na inapocheza viungo hupasuka.

Bodi iliyowahi kunyeshewa, au ambayo karatasi yake imeachia pembeni, iache hata ukipewa kwa nusu bei. Karatasi ndiyo inayoshika skimu.

Sasa vitu vidogo, ambavyo wengi wetu hubana hela hapo. Tepu ya karatasi ni imara kuliko ya wavu, hasa kwenye kona za ndani, lakini inataka mkono wenye subira: unapaka unga kwanza, unailaza, unakamua mapovu. Ya wavu hujibandika yenyewe na ni rahisi kwa fundi anayejifunza. Itumie na unga unaoganda wenyewe baada ya kukorogwa, si ule unaosubiri hewa uukaushe.

Misumari iache kabisa. Mbao zikikauka husinyaa na kuisukuma nje, na maji ya skimu huishikisha kutu. Nunua skrubu nyeusi za jipsamu, milimita 35 kwa mbao na 25 kama fremu ni ya chaneli za chuma. Bafuni tafuta zilizopakwa zinki. Kichwa kizame kidogo bila kuchana karatasi, kwa sababu karatasi ikichanika skrubu hiyo haijashika kitu. Achanisha kama sentimita 20 hadi 30, na bodi isiguse sakafu: acha nafasi ya sentimita 1, la sivyo siku ya kudeki itanyonya maji kama utambi.

Safari hii mama mdogo alinunua za kijani. Mbao zilikaa wiki tatu sebuleni, zikiwa zimepangwa na vijiti katikati, kabla fundi hajaruhusiwa kufunga skrubu hata moja.