Rivyu ya vipuri vya desktopu yangu ya kwanza: gemu na uhandisi kwenye mashine moja

Wakuu, mashine imekamilika na nimeshakaa nayo muda wa kutosha kuusema uzuri wake na ubaya wake. Nilitaka kompyuta moja ya mezani, mchana ipige kazi za uhandisi (SolidWorks ya kuchora vipande, simulesheni za Ansys, MATLAB kidogo ya hesabu, na Blender nikitaka picha ya kuonyesha watu) na usiku icheze gemu bila kulalamika. Vipuri nimechagua kimoja kimoja na kuunga mwenyewe.

Msimamo wangu nauweka mapema ili asiyekubaliana asipoteze bando: mashine ya hivi unaanza kuangalia ujazo wa memori, ram pamoja na ile memori ya kwenye kadi ya grafiki, kasi inafuata baadae. Watu wa gemu watakwambia kinyume na kwa kazi yao wako sahihi kabisa, ila we una kazi mbili.

Ram ndo imenifurahisha kuliko vyote. Nimeweka GB 64, vijiti viwili vya 32, DDR5 ya kasi 6000, CL30 (hiyo ni namba ya kuchelewa kwake kujibu). Kwa gemu tupu GB 32 zinatosha na chenji inabaki, sibishani. Shughuli iko kwenye simulesheni. Ukishakata kipande chako kwenye meshi nzuri (vipande vidogo vidogo vya kuhesabia, ndo elementi) na elementi zikawa nyingi, solva, yani programu inayopiga hesabu, inataka ibebe hesabu yote kwenye ram kwa mkupuo mmoja, ikikosa nafasi mara nyingi haigomi, inaanza kumwaga kwenye diski na kurudi kuchota, na hapo ndo kazi ya dakika inageuka ya masaa. Nilitaka kuliona hilo kwa macho, nikachomoa kijiti kimoja makusudi, nikarusha modeli ileile, nikafungua Task Manager nikatulia kuangalia. Grafu ya ram imepanda juu kabisa na kunyooka, diski iko asilimia 100, halafu prosesa yenyewe inachezea asilimia kumi na kitu, imekaa tu inasubiri data! Yani umehangaika kutafuta prosesa kali alafu inapangishwa foleni na diski. Nikarudisha kijiti, modeli ikamalizika kabla sijamaliza kujibu meseji.

Na kijiti kimoja kina hasara nyingine, unakosa chaneli ya pili, yani njia ya pili ya data kati ya ram na prosesa. DDR5 ya 6000 kwa vijiti viwili, hesabu ya kwenye karatasi ni GB 96 kwa sekunde, kimoja ni 48. Gemu itavumilia kiasi, ila hesabu za mtiririko wa hewa na maji zinakula hiyo njia mpaka mwisho, ndo maana kuna pointi ukiongeza kore za prosesa huoni mabadiliko yoyote, barabara ya memori imeshajaa. Halafu wale wenye mpango wa kuanza na viwili vya 16 waje waongeze viwili vingine mbele ya safari, angalieni hili: kwenye AM5 (soketi ya prosesa za AMD, ndo niliyotumia) ukijaza vijiti vinne, kasi wanayoitambua AMD wenyewe kwa Ryzen 7000 inashuka mpaka 3600. Wapo wanaobahatika kuvuka hapo ila ni bahati. Bora viwili vikubwa toka mwanzo. Na ingia BIOS (menyu ya mipangilio ya mazabodi) uwashe EXPO, ndo inaipa ram kasi iliyoandikwa kwenye boksi, vyangu bila hiyo vilikua vinakimbia 4800 kimya kimya, hakuna anayekwambia.

Prosesa ni Ryzen 7 7700 ya AMD, kore 8, nyuzi 16, inafika 5.3 GHz, TDP yake (kipimo cha joto wanachotangaza) wati 65. Najua kuna atakayeuliza kwanini sio 7800X3D. Ile ina kashe ya L3 (memori ndogo ya haraka ndani ya prosesa) MB 96 wakati hii ina 32, na kwenye gemu ni moto wa kuotea mbali, ila inaishia 5.0 GHz. Sasa SolidWorks ukibadilisha kipimo cha mwanzo kabisa cha mchoro, kila kilichojengwa juu yake kinahesabiwa upya kwa foleni, kimoja baada ya kingine, kazi kubwa inafanywa na kore moja, kwahiyo GHz zinahesabika. Tena faida ya X3D inaonekana ukiwa na kadi ya grafiki kubwa na skrini ya 1080p. Kwa kadi ya kati kwenye 1440p anayechoka kwanza ni kadi, prosesa ina nafasi yake.

Upande wa Intel niliangalia i7-14700K, kore 20, kwa kurenda (kutengeneza picha) kwa prosesa inaipita hii yangu mbali tu. Kilichonirudisha nyuma ni viwili: soketi ya LGA1700 imeshafika mwisho, huna pa kupanda, na ile ishu ya voltiji ya kizazi cha 13 na 14 iliyofanya Intel watoe maikrokodi (programu ndogo ya ndani ya prosesa) ya kurekebisha Agosti 2024 na kuongeza waranti miaka miwili. Ukinunua mpya ukaapdeti BIOS kabla ya kitu kingine sidhani kama utapata shida. Mi nilipenda AM5 kwa sababu naweza kuchomoa prosesa nikaweka ya kizazi kingine kwenye mazabodi hiihii.

Kadi ya grafiki ndo pananoga. RTX 5060 Ti ya NVIDIA, ya GB 16. Sisitiza hiyo 16, maana kuna nyingine ina jina hilohilo na chipu hiyohiyo ina GB 8, boksi zinafanana, ukinunua kwa haraka unabeba siyo. Kwa gemu za sasa kwenye 1440p ukifungua teksta (picha zinazovalishwa vitu vya kwenye gemu) mpaka juu nimeona kadhaa zinapita GB 9 au 10, ile ya 8 hapo inaanza kugugumia sio kwa sababu chipu imeshindwa, ni nafasi imekwisha. Blender nayo ikibeba sini nzima (eneo lote na vitu vyake) ndani ya kadi inarenda haraka, ikizidi aidha inapunguza mwendo au inagoma kabisa.

Kwanini NVIDIA? Ni programu tu, hakuna ushabiki. MATLAB kwa hesabu za GPU (chipu ya kadi ya grafiki) inataka CUDA, mfumo wa NVIDIA wa kuhesabia kwenye kadi, basi. Ungekua unacheza gemu peke yake ningekwambia kaangalie Radeon za AMD pia bila aibu.

Ila kadi hizi za gemu zina siri ambayo wahandisi hawaambiwi. Zimebanwa kwenye hesabu za presisheni maradufu, FP64, kasi yake ni moja ya 64 ya ile ya kawaida. Na MATLAB namba zake bila kuambiwa ni dabo, yani hiyohiyo FP64! Kwahiyo mtu anapeleka matriksi kwenye kadi kwa mbwembwe zote anakuta prosesa ilikua inamaliza mapema. Kama kazi yako inaruhusu, badili kwanza ziwe singo (presisheni ya kawaida) ndo uzipeleke, tofauti utaiona mwenyewe. Kama hairuhusu, basi hesabu hizo zibakie kwenye prosesa. Kingine, SolidWorks haizitambui rasmi kadi za GeForce (familia ya hii kadi yangu ya gemu), ile RealView ya kung'arisha modeli huipati. Kuchora unachora vizuri, asembli za saizi ya kawaida zinazunguka bila kukwama, ila kama ofisi yako inaishi kwenye asembli kubwa na unahitaji sapoti ya kampuni basi hapa umepotea njia, kadi za kazi zipo.

Vingine nipite haraka. Mazabodi ni B650 ya kawaida, nilichoangalia ni heatsinki za kueleweka pale pembeni ya prosesa, nafasi mbili za M.2 (za kuchomeka SSD) na kitufe cha kuapdeti BIOS bila prosesa, taa za rangi sikuziulizia. SSD ni NVMe ya TB 2 ya PCIe 4.0, TLC sio QLC (hizo ni aina za chipu za kuhifadhia), kwa sababu solva ikianza kuandika mafaili makubwa mfululizo QLC inachoka ikaanza kukimbia pole pole. Pawa saplai wati 650 ya Gold, prosesa inaruhusiwa kuvuta 88, kadi 180, ongeza feni na vidude vingine hufiki hata 400, kwahiyo wanaokuambia 1000 wanakuogopesha. Ila hiyo Gold inasema habari ya ufanisi wa umeme tu, haisemi kama ndani wameunga vizuri, soma rivyu za walioifungua. Na waya za pawa saplai ya zamani usizichomeke kwenye mpya hata kama zinaingia, pini za upande wa saplai zinapangwa tofauti, unaunguza diski hivihivi.

Kuunga kwenyewe sio kugumu. Ram zinakaa nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Waya wa umeme wa prosesa, ule wa pini 8 wa kona ya juu, upitishe kabla hujafunga mazabodi kwenye kasha, la sivyo vidole vitakoma. Na ukiwasha mara ya kwanza skrini itakaa nyeusi dakika kadhaa, feni zinazunguka, hakuna kitu, wengi hapo wanachomoa umeme wakidhani wameua mashine. Iache. DDR5 inajipima yenyewe kwanza.

Kasoro kubwa ninayoiona ni feni ya prosesa inayokuja kwenye boksi, Wraith Prism. Joto inalimudu, ila ukirusha simulesheni ya nusu saa inapiga kelele mpaka unavaa hedifoni, na sijavutiwa na rangi zake. Nitaweka Thermalright Peerless Assassin 120 SE, ina urefu wa milimita 155, kasha langu linaruhusu 165, inaingia bila kugusa kioo.