Spika za kukodi pale Mwanga: udiwani, ubunge, na juzi harusini

Watu watatu wameniuliza wiki hii kile kirikuu, kigari cha mizigo chenye spika nne, kwenye harusi ya mdogo wangu nilikitoa wapi. Ni cha mzee mmoja hapa Mwanga, Kigoma Mjini, nyuma ya soko, mlango wa bati la bluu, juu yake zimening'inia honi mbili kuukuu. Bango hana. Ukimwambia bodaboda "kwa mzee wa spika" inatosha.

Mimi sikumjulia kwenye harusi, nilimjulia kwenye siasa. Mwaka 2015 mjomba wangu aligombea udiwani, na kwa kuwa ukoo mzima mimi ndiye niliyegusa uhasibu kidogo, nikabebeshwa daftari la matumizi. Ninalo mpaka leo. Mstari wa kwanza: dhamana ya fomu, 5,000. Wa pili: soda za wadhamini kumi. Wa tatu: bajaji, honi mbili na mpiga matangazo, 35,000 kwa siku, mafuta yakiwa humo humo.

Kwa bei ile tulipewa zaidi ya tulicholipia. Mpiga matangazo alikuwa mzee mwenyewe. Saa mbili kamili asubuhi anafungua na "Mwakeye!", salamu ya Kiha, akifika kona ya mashine ya kusaga anapunguza mwendo, anawasalimu akina mama waliopanga madebe, anawauliza bei ya mahindi. Jina la mgombea linakuja mwishoni, kama kitu alichokuwa karibu kukisahau. Akipita hospitali ya Maweni anazima kabisa, kuna wagonjwa. Ukiadhiniwa, anazima. Kata ni ndogo, kila aliyesikia alijua anasemwa nani, mtoto wa nani. Mjomba akashinda.

Mwaka 2020 mjomba, sasa mheshimiwa, akautaka ubunge. Huo ndio mwaka Zitto Kabwe alikuwa anatetea kiti cha Kigoma Mjini na Kilumbe Ng'enda wa CCM akakichukua, sasa jipimie mwenyewe mjomba wangu alikuwa wapi hapo katikati. Simcheki. Njia ya kutoka kata kwenda bungeni inapitika: Baba Levo alikuwa diwani wa Mwanga Kaskazini kwa ACT-Wazalendo, na 2025 akatangazwa mbunge wa jimbo hili hili kwa CCM. Ila daftari langu linasema ni njia ya gharama. Dhamana ya fomu ikawa 50,000, wadhamini 25. Na mzee, aliyekuwa akimwita mjomba "ndugu mgombea", sasa alimwita "mheshimiwa", na bei ikapanda na cheo: 90,000 kwa siku, mafuta juu yetu.

Huduma nayo haikuwa ile. Bajaji haiwezi kata 19, kutoka Kibirizi kwenye dagaa mpaka Ujiji, kwa hiyo tulipewa kirikuu, jenereta na kijana asiyejua kona ya mashine ya kusaga. Alikuwa anapiga kelele tu. Siku ya mkutano wa Ujiji jenereta ilikohoa mara mbili ikanyamaza, mjomba yuko jukwaani, watu wameshajaa. Kumbe jenereta ile nzima, isiyo mbovu, ilikuwa imekodishwa kwa mgombea mwingine, jina lake nalihifadhi. Tena jioni ile nilipokuwa narudi Mwanga nikaisikia sauti ya mzee mwenyewe, ile ya "Mwakeye", inamsifia huyo mwingine. Nikamfuata nimevimba. Akaniambia, "Mwanangu, nakodisha sauti, kura sina." Nusu ya hela ya siku ile alirudisha bila kubishana, hilo lazima niliandike.

Kosa ambalo mjomba hajamsamehe ni jingine, na mimi naliona si kosa. Kwa tume ya uchaguzi, kampeni mwisho ni saa kumi na mbili jioni. Mzee anavaa saa ya mkononi anayoiamini kuliko redio. Pale Gungu mjomba alikuwa anaahidi maji, amefika kwenye "nami nawaahidi kwamba", swichi ikabanwa. Watu walicheka mpaka gari linaondoka.

Sauti mjini hapa ina kesi zake, mzee anazijua. Uchaguzi mdogo wa 1994 ulienda mahakamani, hoja mojawapo ikiwa vipindi vya Radio Tanzania vilivyomkandamiza Dk. Aman Kabourou, mgombea wa CHADEMA. Matokeo yakatenguliwa, na 1995 Kabourou akaingia bungeni. Mzee anaapa honi moja pale mlangoni ni ya kampeni zile. Ina kutu ya kutosha kuaminika.

Kwa harusi au msiba, mchukue. Spika zake zinatoa maneno, hazingurumi tu kama za vijana wa mjini. Sema mapema unamtaka yeye na si kijana, iwashe jenereta kabla hujatoa hata shilingi, na mafuta muandikishane.

Juzi harusini shangazi ameshika maiki, anatoa nasaha kwa bibi harusi, ikagonga saa kumi na mbili. Nikauona mkono wa mzee unaelekea kwenye swichi. Nikamwahi: "Mzee wangu, leo tume haipo."