Minueti ya Mozart katika F, K. 2: fupi, lakini haisamehe uzembe

Wolfgang Mozart aliitunga minueti hii, muziki wa dansi wa kupigwa kwa kinanda, Januari 1762 mjini Salzburg, akikaribia kutimiza miaka 6; K. 2 ni namba yake katika orodha ya kazi zake. Baba yake, Leopold, ndiye aliyeinakili kwenye karatasi. Ina vipimo 24, mapigo matatu kwa kila kipimo. Ukiirudia kama ilivyoandikwa, kwa kasi ya mapigo 100 kwa dakika, haifiki dakika moja na nusu.

Ugumu wake umo kwenye pigo la kwanza, ambalo karibu kila mara limegawanywa nota mbili fupi. Wanafunzi huzikimbiza, kisha pigo la tatu linafika kabla ya wakati na ngoma inapotea. Anza na metronomu (kifaa cha kuhesabia mapigo) kwenye 60, mkono wa kushoto peke yake, ukiziachanisha kidogo nota zake. Pedali usiiguse.

Utamu uko kipimo cha 20: muziki unaelekea kumalizika, halafu unakwama kwenye fermata, alama ya kushikilia nota kupita muda wake. Shikilia, inua mikono, ndipo ucheze vipimo vinne vya mwisho. Wengi hupita hapo wakihesabu tu, wakaua kitu bora kuliko vyote humo.

Nakala ya bure ya matumizi binafsi ipo kwenye tovuti ya Mozarteum, taasisi ya Salzburg inayohifadhi kazi za Mozart. Anayejua kusoma nota za mikono miwili aichukue; anayeanza kabisa asubiri.