Kukodi RAV4 Kigali na kuzunguka Ziwa Kivu kabla ya kuhamia Rwanda

Mimi ni fundi wa friji na vyumba vya baridi, mkazi wa Mwanza. Mimi na mke wangu tuna nia ya kuhamia Rwanda, na kabla ya kuuza hata kiti tulitaka kuiona nchi yenyewe, mji kwa mji. Tulikodi gari kwa kampuni ndogo ya Remera, Kigali, tukaendesha wenyewe. Maoni haya namwandikia mwenye mpango kama wetu. Anayekwenda Kinigi kuona sokwe na kurudi zake ana kampuni nyingine zitakazomfaa zaidi.

Kuna watakaouliza kwa nini tusingeenda na gari letu, wakati Tanzania na Rwanda ni majirani. Sababu ni usukani. Rwanda wanapita kulia. Ukishavuka Mto Kagera pale Rusumo umebadilisha upande, na gari la Tanzania lenye usukani kulia linakuwa adha. Uko nyuma ya lori la saruji, mlima upo mbele, kona baada ya kona, na huwezi kuona anayekuja mpaka gari lako zima limeshatoka upande wake. Nchi ya tambarare ingevumilika. Rwanda haina tambarare ya kutosha kwa hilo. Kwa hiyo tulikwenda kwa basi, gari tukalitafuta Kigali.

Tulipewa RAV4 ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, gia za mkono, usukani kushoto. Magari ya namna hii ndiyo yamejaa kwa wakodishaji wa Kigali, na kwa sababu hiyo hata fundi wa kijijini analijua. Bei ilikuwa faranga 45,000 kwa siku, bima kubwa ikiwemo, kilomita bila kikomo, mafuta juu yetu. Walichukua amana na nakala za pasi na leseni. Kilomita bila kikomo ndicho kilichonivuta. Mtu anayetafuta pa kuishi hawezi kwenda moja kwa moja. Anaingia njia za pembeni, anarudi alikotoka, anasimama sokoni, anapita mtaa uleule asubuhi na jioni. Mkataba wa kilomita za kuhesabu ungetufanya tuione nchi kwa haraka, na haraka ndiyo kitu tusichokihitaji.

Kijana aliyetukabidhi gari ni mzaliwa wa Nyamirambo, mtaa wa Kigali, na Kiswahili chake kimenyooka. Hakutupa funguo na kuondoka. Alikaa kiti cha mbele, akamwambia mke wangu, "Shemeji, wewe kaa nyuma kidogo, huyu mzee kwanza nimzoeshe," tukazunguka Kimironko mpaka mkono wangu ukaacha kuitafuta gia upande wa mlango. Akanieleza pia habari ya kamera. Wenyeji wanaziita Sofia, na barabara kuu zote zina macho hayo. Faini huja kwa ujumbe wa simu kwa mwenye gari, naye huikata kwenye amana yako. Akatuonya kuhusu Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda: asubuhi hiyo watu wote wanafanya kazi za jamii, maduka yamefungwa, na ukikutwa unaendesha bila sababu utasimamishwa. Tulipanga safari yetu kwa kufuata maneno yake na hatukukwama popote. Kwa huduma hiyo peke yake nawapa alama zote.

Sasa kasoro. Tairi la akiba lilikuwa halina upepo wa kutosha. Niligundua kwa sababu mimi hukagua kila kitu kabla ya kutia saini, ila mteja mwingine angeligundua msituni. Walilijaza bila ubishi, lakini kazi hiyo ilipaswa kufanyika kabla hatujafika. Kiyoyozi nacho kilikuwa kikitoa upepo wa vuguvugu. Nilikisikiliza: kompresa inawaka, gesi imepungua. Huko tulikokwenda, zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, vioo vikishushwa vinatosha, kwa hiyo hilo sikulifanya shauri. Na mkataba ulikuwa kwa Kinyarwanda na Kiingereza tu. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, na kampuni inayopokea Watanzania na Wakenya kila wiki ingeweza kuongeza ukurasa mmoja.

Kutoka Kigali tulipanda kaskazini kwenda Musanze. Njia inajikunja mno, ila lami yake ni safi na mitaro ya maji imejengwa kwa mawe. Nyirangarama kila mtu husimama, nasi tukasimama, mke wangu akanunua akabanga, pilipili ya mafuta iliyo kwenye kichupa kidogo cha kudondoshea. Musanze ni viazi, na viazi vinaanzia ukingo wa lami mpaka miguuni mwa volkano. Nilitembelea maghala. Hali ya hewa yenyewe inafanya nusu ya kazi yangu, kwa hiyo pale fundi wa baridi hatafutwi sana.

Rubavu, tulipolifikia Ziwa Kivu, ina kila kitu: ufukwe, hoteli, samaki, watu. Ila Rubavu na Goma ya Kongo ni mji mmoja uliokatwa na mpaka, na tangu Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, biashara inayotegemea upande ule siwezi kuiwekea fedha za watoto wangu. Mke wangu alipapenda sana. Tulibishana juu ya jambo hilo mpaka Rutsiro.

Barabara ya kutoka Rubavu kushuka Karongi mpaka Rusizi ndiyo iliyonifanya niandike. Ni lami, inafuata Kivu kwa juu, na ziwa linaingia na kutoka kati ya vilima kama vidole. Gari lilipanda kwa gia ya pili na halikulalamika. Jioni, Karongi, tuliona wavuvi wakitoka na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wakiimba, taa tayari. Wanachovua ni isambaza. Sisi wa Kanda ya Ziwa tukimwona tunasema dagaa, lakini yeye asili yake ni Ziwa Tanganyika, akaletwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Alfajiri niliteremka kwenye mwalo kuwasubiri. Samaki wanashuka wakimeta, na jua likishatoka kinachobaki ni mbio: wa kukaangwa wakaangwe, wengine waanikwe, wa Kigali wapakiwe upesi. Barafu niliyoiona ilikuwa kidogo sana kwa samaki wale. Niliwauliza kina mama wachuuzi wanapata hasara kiasi gani wakati wa mvua, wakati uanikaji haufanyiki. Mmoja alinijibu kwa Kiswahili cha Kongo, "Tunauza bei ya kutupa, papa, tutafanya je?"

Hapo nilijua nitaishi wapi. Karongi iko katikati ya mwambao, ina njia yake ya kwenda Kigali kupitia Muhanga, na umeme wa KivuWatt unaozalishwa kwa gesi ya methani ya ziwa uko palepale mjini. Umeme wa Rwanda ni volti 230 kama wetu, kwa hiyo mashine zangu zitafanya kazi. Plagi tu ndizo za kubadilisha, maana soketi zao ni za miguu ya mviringo. Chumba kimoja cha baridi na mashine ya barafu ya vipande, ndiyo mpango.

Rusizi tuliifikia na ni mji mzuri wa biashara, ila ni mbali na soko la Kigali. Kurudi tulipita msitu wa Nyungwe. Jazeni tangi kabla ya kuingia, kwa sababu ndani ni miti, nyani pembeni ya lami, ukungu na askari wa doria. Huye tulilala, tukanywa ikivuguto, maziwa ya mgando, kwenye kiduka cha maziwa. Vibanda hivyo vimejaa nchi nzima na kila kimoja kina tangi la kupoza, jambo ambalo kwa fundi kama mimi ni habari njema ya pili.

Kwenye kurudisha gari, walilizunguka mara moja, wakasubiri siku mbili kuona kama kuna faini ya Sofia, kisha amana ikarudi yote kwa simu. Hakuna aliyebuni mkwaruzo.

Nitakodi kwao tena nikienda kusajili kampuni RDB, Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, na kutafuta kiwanja cha kupanga karibu na mwalo. Ukienda kwao, wabane kwenye mambo haya kabla ya kutia saini: upepo wa tairi la akiba, jeki, pembetatu za tahadhari, kizimamoto, na tarehe ya ukaguzi kwenye kioo. Omba kijana wa Nyamirambo akutembeze kwanza, na kama unahamia kwa kazi ya mikono, usichukue dereva. Endesha mwenyewe, usimame kila penye soko.